Mtamba Asiuzwe Wakati wa Ukame

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kajiado

Ndugu mkulima, mwezi huu hatuandiki juu ya mbolea wala dawa ya kupe. Twaandika juu ya siku moja ambayo huharibu kazi yote ya mbolea na dawa ya kupe. Ni siku ile mwenye zizi anapofungua mlango na kumtoa ng'ombe ambaye hakukusudia kumwuza.

Kila mmoja wetu aijua siku hiyo. Mvua imekosa. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, au baba mzee amelazwa hospitalini. Nyumbani hamna fedha. Mnunuzi yuko sokoni, naye aitambua shida yako kabla hujafungua kinywa. Basi mtamba uliyemlea miaka miwili, na ambaye angezaa baada ya miezi michache, huondoka kwa bei ya aibu.

HESABU YA KUUZA KWA SHIDA

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Tuseme mtamba mzuri wa maziwa, wakati majani ni mengi, ni shilingi 60,000. Wakati wa ukame mtamba huyo amekonda, na soko limejaa ng'ombe wa watu wengine wenye shida kama yako. Wapewa shilingi 20,000. Karo iliyokusumbua ilikuwa shilingi 9,000. Zile 11,000 zilizobaki zinakwisha kwa unga na sukari kabla ya mvua kurudi.

Mvua inarudi. Majani yanaota, na sasa kila mtu anataka kununua. Ili upate mtamba mwingine kama yule, unahitaji shilingi 60,000. Toa zile 20,000 ulizopata, nawe umepoteza shilingi 40,000 kwa ajili ya deni la shilingi 9,000. Na hapo hatujahesabu maziwa ambayo hayatakamwa, wala ndama ambaye hatazaliwa, wala samadi ambayo haitafika kwenye mahindi.

Mkulima huyu hakuwa mvivu. Alipalilia kwa wakati na kuogesha ng'ombe wake. Kilichomwangusha ni kukosa shilingi 9,000 siku ile zilipotakiwa. Mwaka ujao ataanza akiwa na mali kidogo zaidi, na shida ndogo zaidi itatosha kumwangusha tena. Ng'ombe wakiisha, atakodisha nusu ya shamba. Baada ya hapo atauza eka. Ndivyo jamaa nyingi zinavyoingia katika umaskini, ngazi baada ya ngazi.

Basi swali letu la leo ni hili: je, kuna njia ya kuzifikisha shilingi 9,000 nyumbani kabla mtamba hajatoka zizini?

MAANA YA HIFADHI YA JAMII

Njia hizo zipo, nazo kwa jumla huitwa hifadhi ya jamii. Neno hili lasikika kama la ofisini, lakini maana yake ni nyepesi. Kuna ruzuku, yaani fedha anazopewa mzee, yatima au mlemavu ambaye hawezi kujitafutia. Kuna bima, yaani watu wengi kuchanga kidogo kidogo ili yule mmoja atakayepatwa na msiba asaidiwe. Na kuna akiba, ambayo mtu hujiwekea mwenyewe kwa ajili ya uzee.

Mambo haya hayakuletwa na Serikali mara ya kwanza. Kati ya Wamasai kuna desturi iitwayo osotua. Kwa asili neno hilo lataja kitovu, kile kinachomwunganisha mtoto na mama yake. Watu wawili wenye osotua huombana wanapokuwa na haja ya kweli, na mwenye kuombwa hutoa kadiri awezavyo, wala haandiki deni. Makabila mengine nayo yana desturi zao za kusaidiana, nawe wazijua za kwenu.

Lakini desturi hizo zina mpaka wake. Ukame ukipiga nchi nzima, wewe na rafiki yako mmepigwa pamoja. Humwombi ng'ombe mtu ambaye naye amepoteza wake. Ilionekana hivyo mwaka wa 2009, ikaonekana tena kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilipokosa kwa kufuatana katika sehemu kavu za nchi yetu. Mwezi wa Septemba 2021 Serikali ilitangaza ukame huo kuwa msiba wa taifa. Wakati kama huo lazima msaada utoke mbali zaidi ya jirani.

JAMBO LILILOONEKANA KITENGELA

Tazama nyanda za Kitengela, kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Zamani nchi ile ilikuwa ranchi ya pamoja. Mwaka wa 1988 iligawanywa, na kila aliyeandikwa katika daftari akapata shamba lake. Mji ukakua kando ya barabara ya Namanga. Wanunuzi wa viwanja wakaja na fedha mkononi. Mwenye shida aliuza ng'ombe, na ng'ombe walipopungua aliuza eka. Seng'enge zikaongezeka, zikaziba njia za nyumbu na pundamilia ambao hutoka mbugani wakati wa mvua kwenda kula majani ya uwandani.

Mwaka wa 2000 chama cha marafiki wa mbuga hiyo kilianza kuwalipa wenye mashamba kodi ndogo. Malipo yalikuwa dola 4 za Kimarekani kwa eka moja kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa karibu shilingi 300. Masharti yalikuwa mepesi kuelewa: mwenye shamba asizungushe seng'enge, asilime, asichimbe mawe, wala asiwadhuru wanyama. Ng'ombe wake waliendelea kulisha kama kawaida. Malipo yaligawanywa mara 3 kwa mwaka, yakapangwa yaje karibu na kufunguliwa kwa shule.

Fanya hesabu tena. Mwenye eka 100 alipata shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani shilingi 10,000 kila muhula. Hazikutosha kumtajirisha mtu. Lakini zilikuja siku ileile ambayo mtoto angerudishwa nyumbani, na wazazi wengi walizitumia kwa karo.

Yafaa ukumbuke kwamba mpango huo ulikusudiwa kuwahifadhi wanyama wa porini. Haukuandikwa kuwa mpango wa kupunguza umaskini. Hata hivyo, ukame mkali wa miaka ya 2008 na 2009 ulipofika, mifugo ikafa na bei ikaanguka, watafiti waliofuatilia jamaa za huko waliona jambo la kutia moyo. Mapato ya mifugo yalishuka, lakini malipo ya eka hayakushuka. Fedha hizo ndogo zikawa nguzo ya nyumba mpaka mvua iliporudi.

Mpango huo wafundisha mambo mawili. La kwanza, fedha kidogo zinazokuja kwa siku inayojulikana zafaa kuliko fedha nyingi zisizojulikana zitakuja lini, kwa maana mtu aweza kuzipangia. La pili, ule ulikuwa mpango wa wafadhili. Fedha za wafadhili zilipopungua, malipo nayo yalikatika. Jamaa aliyezoea kulipa karo kwa fedha hizo alirudi kulitazama zizi lake. Kwa hiyo msaada unaotegemewa na maskini wataka msingi wa kudumu, yaani sheria ya nchi na kodi ya nchi.

Huenda wewe uliye katika skimu ya Ol Kalou au Lugari wasema: habari za nyanda za Wamasai zanihusu nini? Zakuhusu kwa sababu skimu nazo zina historia ileile. Waliogawiwa mashamba miaka ya 1960, wakati wa mpango wa eka milioni moja, walipewa ardhi pamoja na deni la kulipa. Wengi wao sasa wamefariki au ni wazee sana. Shamba limebaki na mjane, au na nyanya anayelea wajukuu. Ugonjwa mmoja waweza kuliondoa shamba ambalo lilichukua miaka 30 kulilipia.

MIPANGO ILIYOPO NCHINI

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawasaidia wale wasioweza kujitegemea pamoja na wanaowategemea. Maana yake ni kwamba mzee anayepokea ruzuku hapokei sadaka.

Ruzuku za fedha zilianza kabla ya Katiba hiyo. Mwaka wa 2004, UKIMWI ulipokuwa umewaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya zao, Serikali ilianza kujaribu kuzilipa jamaa 500 za Garissa, Kwale na Nairobi zilizokuwa zikilea mayatima. Baadaye ruzuku ya wazee ikaanza, na mwaka wa 2011 ile ya watu wenye ulemavu mkubwa. Mipango hii 3 hujulikana kwa jina la Inua Jamii. Kuanzia mwaka wa 2018 ruzuku ya wazee ilifunguliwa kwa wote waliofika miaka 70 wasiokuwa na pensheni, bila kuuliza kwanza ni nani maskini zaidi. Kiasi kilichowekwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kaskazini kuna mpango mwingine wa kupambana na njaa, ulioanza kulipa mwaka wa 2009 katika sehemu za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kajiado haikuwamo. Mpango huo una jambo moja la kuigwa. Picha zinazopigwa kutoka angani zikionyesha kwamba majani yamekauka, jamaa nyingi zaidi huongezwa katika malipo kwa muda, kabla ng'ombe hawajaanza kufa. Bima ya mifugo ambayo Serikali iliianzisha mwaka wa 2015 huko Wajir na Turkana ilifuata njia hiyohiyo ya kupima majani.

Majirani nao hawakulala. Ethiopia ilianza mpango mkubwa mwaka wa 2005, ambamo wenye nguvu hulipwa kwa kuchimba matuta na mabwawa, na wasio na nguvu hulipwa bila kazi. Uganda ilianza ruzuku ya wazee mwaka wa 2010. Zanzibar, mwezi wa Aprili 2016, ilianza kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kutoka hazina yake yenyewe, na baadaye ikaongeza kiasi hicho.

JE, FEDHA ZA BURE HULETA UVIVU?

Hili ni swali la haki, nasi tumelisikia mara nyingi kwenye dirisha la ofisi. Mkulima anayeamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe hapendi kusikia kwamba jirani yake analipwa kwa kukaa.

Kwanza, watazame wanaolipwa. Mzee wa miaka 75 hatashika jembe kwa kunyimwa shilingi 2,000. Mtoto yatima wa darasa la nne hafai kushika jembe siku ya shule.

Pili, matumizi ya fedha hizo yamechunguzwa. Mpango wa mayatima ulipimwa kati ya miaka ya 2007 na 2009, kwa kulinganisha jamaa zilizolipwa na zile ambazo bado hazijalipwa. Zilizolipwa zilikula vizuri zaidi, na vijana wao wengi zaidi walikwenda shule ya sekondari. Na mwaka wa 2014 wataalamu wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti nyingi za Afrika, Asia na Marekani ya Kusini ili kuona kama fedha za ruzuku huishia katika pombe na tumbaku. Hawakuona kwamba ulevi uliongezeka.

Tatu, fedha hizo hazikai mkononi mwa mzee. Bibi anayepata shilingi 2,000 hununua unga kwa mwenye duka, maziwa kwako, na maharagwe kwa jirani yako. Waliochunguza Garissa na Nyanza waliona kwamba kila shilingi moja ya ruzuku ilizaa zaidi ya shilingi moja ya mapato katika sehemu ile. Kwa hiyo hata wewe usiye na mzee nyumbani huenda umeuza sufuria ya maziwa kwa sababu ya ruzuku ya mtu mwingine.

MAHALI PENYE UDHAIFU

Hatuwezi kuandika mazuri peke yake. Udhaifu wa kwanza ni kuchelewa. Imetokea mara nyingi malipo kukaa miezi kadhaa bila kufika, kisha yakaja kwa mkupuo. Umekwisha kuona katika habari za Kitengela kwamba nguvu ya fedha hizi ni kuja kwa siku yake. Ruzuku ya Januari ikija Mei, mtamba amekwisha kuuzwa, na deni la dukani limekwisha kupanda.

Udhaifu wa pili ni kiasi chenyewe. Shilingi 2,000 ziliwekwa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Bei ya unga, mafuta na nauli haikusimama kuzingojea.

Udhaifu wa tatu ni wanaoachwa nje. Kufika miaka 70 hakumwingizi mtu orodhani. Ni lazima aandikishwe, na uandikishaji hufanywa kwa vipindi. Anayeishi mbali na barabara, asiye na simu wala mtu wa kumsomea tangazo, ndiye anayekosa. Naye mara nyingi ndiye mwenye shida kuliko wote.

MKULIMA AFANYE NINI?

Yafuatayo yamo katika uwezo wako.

1. Tazama kitambulisho cha mzee wako leo. Wazee wengi walikadiriwa umri walipoandikishwa. Tarehe ikiwa imekosewa, mzee wa miaka 74 aweza kuonekana ana miaka 64, na jina lake halitapita. Kosa kama hilo lirekebishwe mapema katika ofisi ya uandikishaji wa watu, usingoje mpaka siku ya kuandikisha wazee.

2. Mwulize chifu au naibu wake siku ya uandikishaji, au nenda kwa afisa wa hifadhi ya jamii wa sehemu yako. Wale walio na mlemavu asiyeweza kujihudumia, au mayatima nyumbani, waulize pia. Kuandikishwa hakulipiwi. Mtu akikuomba fedha ili aingize jina, usimpe.

3. Mzee asiyeweza kutembea aweza kuwa na mtu wa kumpokelea. Chagueni mtu huyo mbele ya jamaa wote, na awe mtu wa kuaminika. Nambari ya siri ya mzee isipewe mwenye duka wala mwenye pikipiki.

4. Jiandikishe katika bima ya afya ya jamii, SHA, ambayo tarehe 1 Oktoba 2024 ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Mkulima asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mkulima hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo itenge wakati wa mavuno. Ng'ombe wengi huuzwa kwa ajili ya hospitali, na ni vigumu kupata 3,600 siku ambayo mgonjwa yuko kitandani.

5. Uza mapema. Halmashauri ya kupambana na ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa sehemu kavu kama Kajiado. Ukisikia kwamba mvua itakuwa haba, uza dume na ng'ombe mzee wangali wanene, nunua nyasi kavu, na uweke karo ya muhula mmoja. Mtamba na ng'ombe anayekamuliwa wabaki.

6. Ruzuku inapofika, ikiwa zimekuja za miezi miwili pamoja, msizimalize kwa siku moja. Lipeni deni la dukani kwanza, kisha chakula, na zilizobaki, hata kama ni shilingi 200, ziingie katika chama au benki. Akiba haiozi.

7. Malipo yakichelewa, andika katika daftari mwezi wa mwisho uliolipwa, kisha uende ukaulize kwa afisa wa hifadhi ya jamii. Watu 10 wakienda pamoja na daftari zao husikilizwa upesi kuliko mmoja anayelalamika njiani.

Kabla hujaliweka gazeti hili, fikiri ni nani katika mstari wenu wa mashamba aliye na miaka 70 na hajui kusoma. Mpelekee habari hii, mtazame kitambulisho chake pamoja, na siku ya uandikishaji umsindikize mpaka kwa chifu. Kazi hiyo haichukui hata asubuhi moja, nayo yaweza kumwachia bibi mmoja ng'ombe wake.

Mwezi ujao tutaandika juu ya kukata na kuhifadhi nyasi kavu. Wenye maswali juu ya habari ya leo wayalete ofisini siku yo yote ya kazi.